Mahari Ya, Mahari Pa

Jumatano, 4 Desemba 2024

Gulio leo. Mvua asubuhi, halafu jua likatoka kama vile halikuwa limekwenda popote. Mikate imeisha kabla ya adhuhuri — yote! Shangazi Restuta kafunga mlango wa bekari akaenda kuzunguka kwenye nyanya na dagaa, mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya.

Naandika nimekaa stoo juu ya gunia la unga. Harufu ya ndizi mbivu imejaa mpaka kwenye nywele zangu. Ndio mkate wetu huo. Hatutumii amira ya dukani. Babu Protasi anakamua mutobe, juisi ya ndizi mbivu; wateja wanainywa ikiwa tamu, na sisi tunaacha kiasi mpaka ianze kufanya mapovu yenyewe bila moto. Hiyo ndiyo tunayokandia unga. Mkate unatoka wa kahawia, una utamu wa mbali, na watu wanaufuata kutoka Murukulazo huko. Mabawe nzima hakuna mwingine.

Kazi yangu ni kufunga mikate kwenye karatasi na kutabasamu. Kuita wateja, hapana. Shangazi alishanisamehe hilo.

Sababu naiandika hapa tu: ulimi wangu hauna L. Kihangaza chetu kinapenda R, na R imeota mdomoni mwangu kama magugu. Kwenye karatasi sikosei hata moja. Mdomoni, kulala kunakuwa kurara. Kwa Kiswahili watu wanavumilia, nyumba nzima tuko hivyo hivyo. Kiingereza ndicho kilichonimaliza. Kidato cha pili nilisimama mstarini kusoma tangazo la michezo. Nilitaka kusema players wetu wana nguvu. Nikasema prayers. Wachezaji wote wakageuka sala! Shule nzima ikajibu, "Amina!" Sasa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na ile Amina bado inanifuata. Tangu siku ile mimi ni mtu wa daftari.

Nilitaka kuandika habari za Bwana Danstan, nimejisahau.

Bwana Danstan ni muuza asali wa Biharamulo. Ana duka lake karibu na stendi ya huko, vyakula vya asili — asali, karanga, kahawa — na kila Jumatano anakuja gulioni kwetu na ndoo zake. Akimaliza kuuza haondoki. Anakaa kwenye benchi letu, anaagiza chai na mkate, anakula polepole kama mtu anayesoma kitabu. Shangazi anafuta meza ambayo imeshafutwa. Leo alimwambia, "Dada Lestuta, huu mkate ukifika Bihalamulo watu watapigana." (Naandika kama anavyosema. Msukuma huyo, yeye ndiye hana R.) Shangazi akamjibu, "Basi usiufikishe, nisije nikafungwa." Wakacheka. Halafu Shangazi akasema kweli siku moja angependa kuuza huko, Mzee, yaani Babu, akikubali. Bwana Danstan akaacha kutafuna. "Mzee akikubali?" "Ndiyo, bira Mzee mimi siendi popote." Basi akawa anafikiri.

Yeye hana R, mimi sina L. Tukisimama pamoja tunatimiza alfabeti.

Huwa anakuja na mtoto wa dada yake, Ndassa, anayebeba ndoo. Naye kamaliza kidato cha nne huko kwao. Ana vishimo mashavuni akicheka. Basi. Siandiki zaidi.


Alhamisi, 5 Desemba

NIMEONGEA NA SIMU.

Shangazi alikuwa na mikono kwenye unga, simu ikalia, akapiga kelele, "Pokea wewe!" Nikapokea. Ndassa! Akasema mjomba wake ameniagiza nimwambie Shangazi: Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja, yeye na mama mmoja mtu mzima, kuongea na wazee wetu kuhusu mahali. Nikauliza, mahali? Akasema ndiyo, shangazi yako ataelewa. Halafu akauliza, "Na wewe hujambo lakini?" Nikakata simu. Sikukusudia! Kidole kilikata chenyewe.

Nilielewa mara moja. Jana si walikuwa wanaongea habari za kuuza mkate Biharamulo? Wamepata mahali. Nikarudi kwa Shangazi uso unawaka moto, nikainamisha kichwa, nikausema ujumbe kwa pumzi moja.

Shangazi akaacha kukanda. Babu alikuwa mlangoni anamenya ndizi — akasimama, maganda yote chini. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia: Bwana Danstan anakuja na mtu mzima kuongea na wazee kuhusu mahali.

"Ego!" Babu akasema. Ndiyo yake ya Kihangaza, ile anayoitumia kanisani na kwenye mpira tu. "Ego! Nirijua! Mtu hawezi kupenda mkate kiasi kire!"

Shangazi aliukanda unga ule muda mrefu mno. Mikate ya jioni imetoka laini kama wingu.

Sikujua kama familia yangu inapenda biashara hivi.


Ijumaa, 6 Desemba

Babu amechukua simu ya Shangazi akaitia mfukoni mwa koti lake. Eti mpaka wageni wafike, si vizuri upande huu kuongea na upande ule. Heshima. Nimeona ni sawa, biashara nayo ina adabu zake.

Halafu amewaita vijana wawili watengeneze zizi. Lile zizi la zamani nyuma ya tanuri, ambalo halijaona ng'ombe tangu mimi sijazaliwa. Nimejiuliza sana. Mkate unahitaji zizi la nini? Labda la kuni.


Jumapili, 8 Desemba

Misa. Shangazi aliimba leo sauti ya kwanza peke yake, mwalimu wa kwaya akageuka kuangalia ni nani. Nje ya kanisa akina mama walimshika mikono. Mama Deodata, jirani yetu, akamwambia, "Mwenzetu, kumbe wewe ni kimya kimya!" Shangazi akamwambia aache, bado hata hawajafika. Mama Deodata: "Asali itakuwa ya bure sasa hapa Mabawe?" Wakaangua kicheko, wakagongana mabega.

Mimi nikacheka pia. Nilidhani wanacheka habari ya bekari.


Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, lakini sisi tumefanya kazi kama punda. Babu kajaza shimo lote la kuivishia ndizi. Mutobe wote sasa unakwenda kwenye urwarwa, pombe ya wageni. Wa kukandia mkate haujabaki hata kikombe! Shangazi kaagiza amira ya dukani. Mikate imeumuka vizuri, mirefu, mizuri kwa macho, na haina ladha yoyote. Mzee mmoja kaung'ata akautazama. "Huu mkate una msiba?" Shangazi akamwambia, "Vumiria, baba, ni wiki hii tu." Anatabasamu. Shangazi yangu! Ambaye mtu akisema mkate umepungua chumvi anakosa usingizi!

Baba kapigiwa simu huko Ntobeye anakokaa. Anakuja Ijumaa na suti.

Suti. Kwa ajili ya sehemu ya kuuzia mkate.

Kuna kitu hakiko sawa.


Jumanne, 10 Desemba

Mungu wangu. Mungu wangu. Mungu wangu.

Leo jioni Shangazi kanituma kwa fundi cherehani kuchukua nguo yake. Kitenge kipya, cha njano na kijani, mikono ya kuvimba. Nimemletea, kakivaa, akajizungusha mbele ya kioo kidogo cha stoo ambacho kinaonyesha bega moja tu kwa wakati. Akaniuliza bega la kushoto likoje. Nikasema zuri. La kulia? Zuri. Kisha akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe: "Sijui Wasukuma mahari wanaireta yote siku moja, au kidogo kidogo?"

Mahari.

Nikasikia sikio likipiga kengele. MAHARI. Zizi. Suti. Urwarwa. "Kimya kimya." Mimi nilisema mahali! Nilisema — hapana. Mimi nilidhani nimesema mahali. Kwa ulimi huu? Ulimi huu ukisema mahali, inatoka nini?

Nimekwenda nyuma ya tanuri nikajaribu. Mahari. Mahari. Ma-ha-ri. Hata nikiivuta L kwa nguvu inageuka njiani.

Nimemposa shangazi yangu kwa simu.


Jumatano, 11 Desemba

Gulio. Usiku kucha nilijipa moyo: labda ni kweli! Labda Ndassa naye alikusudia mahari, na ulimi wake usio na R ndio ulisema mahali. Inawezekana kabisa! Neno hilo moja, kutoka mdomoni kwake linaweza kuwa lolote, na kutoka mdomoni kwangu pia. Tumepeana kitu kilichofungwa na hakuna aliyekifungua.

Bwana Danstan hakuja leo, kamwacha Ndassa na ndoo. Nikavuka barabara mwenyewe kwenda kwenye meza yake. Mimi! Kwa miguu yangu. Nilikuwa nimeandaa mtego wa sarufi. Mahari ni *ya*. Mahali ni *pa*. Hata bila ulimi mzuri, hapo hakuna kujificha. Nikamuuliza: hiyo mnayokuja kuongea Jumamosi, ikoje?

Akasema, "Pazuli sana! Pana kivuli, pako kalibu na duka letu, tena panafaa kujenga tanuli."

Pa. Pa. Pa. Kila *pa* kama kokoto kwenye paji la uso. Yule mama mtu mzima ni Mama Tecla, mwenye kiwanja. Anataka kumwona Shangazi na kuonja mkate kabla ya kumpa mtu nafasi.

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Badala yake nikauliza kama mjomba wake ana mke. Akanitazama. Akasema alikuwa naye, alifariki zamani, Ndassa akiwa darasa la kwanza. Halafu akacheka, vishimo vyote viwili. "Wewe unajua mjomba ngano inampa kiungulia? Hagusi hata chapati! Kila Jumatano tukilundi anakunywa maji njia nzima mpaka Lusahunga, anajishika kifua. Nikamwambia mjomba, acha basi huo mkate. Akasema siwezi, nitakaa kwenye benchi lao kwa kisingizio gani?"

Nimerudi na habari mbili, moja mbaya, na ya pili sijui ni ya aina gani.


Alhamisi, 12 Desemba

Nimejaribu kusema.

Asubuhi nilianza: "Shangazi, ire simu—" Akageuka, mikono imejaa unga. "Ire simu! Mungu akubariki kwa kuipokea wewe. Ningepokea mimi ningeanguka." Akanipaka unga kwenye pua. Nikafunga mdomo.

Mchana nikaenda kwa Babu, alikuwa anafagia zizi jipya. Zizi zuri, linanukia miti mibichi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nikae. Akasema Bibi alipougua, Shangazi alikuwa na mchumba, mwalimu. Yeye Babu ndiye aliyemwambia asubiri kidogo. Bibi akaugua muda mrefu, mwalimu akahama, akaoa kwingine. Shangazi hakulaumu mtu, alijenga tanuri. "Nimekura mkate wa mtoto huyu miaka yote hii," Babu akasema, "na kira nikimeza nakumbuka." Akapiga nguzo ya zizi kuona kama ni imara. "Sasa angaria."

Nikaangaria. Nikamsaidia kufagia.

Jioni Shangazi, wakati tunazima tanuri, bila kuniangalia: "Unajua, nirishasahau kwamba mtu anaweza kupanda gari kwa ajiri yangu. Kwa ajiri ya mkate, ndiyo. Si kwa ajiri yangu."

Hapo ndipo mdomo ulipokufa kabisa.


Ijumaa, 13 Desemba

Baba kafika. Suti ina harufu ya dawa ya nondo. Ananiita "msomi wetu", anataka kesho niwasalimie wageni kwa Kiingereza kidogo ili waone nyumba hii ina watu. Nilijaribu kumvuta pembeni. Akasema nimwambie kesho, leo anafikiria hotuba.

Kila mtu anafikiria hotuba, na mwenye neno moja tu la kusema ni mimi.


Jumamosi, 14 Desemba

Naandika haraka, stoo, juu ya gunia. Nikiacha kuandika nitalia au nitacheka na sijui kipi.

Wamekuja saa ya chai. Noah ya kukodi, matope mpaka kwenye vioo. Bwana Danstan kavaa shati jeupe. Mama Tecla, mnene, mcheshi, na mkoba mkubwa. Ndassa na ndoo ya asali iliyofungwa kitambaa. Babu kuiona ile ndoo — machozi! Aliichukua kwa mikono miwili.

Shikamoo, marahaba, poleni na safari. Wakakaa sebuleni. Baba kwenye kiti kikubwa, Babu kwenye kile kikubwa zaidi. Mimi mlangoni na sinia la mkate, mkate wa kweli, wa mutobe. Shangazi aliuficha mtungi mmoja Babu asiuone. Mwenyewe alibaki jikoni kama desturi inavyotaka, lakini pazia la jikoni lilikuwa linapumua.

Babu akaanza. Wageni wetu, tumesikia mmekuja kwa ajiri ya mahari.

"Ndiyo, Mzee," akasema Bwana Danstan. "Mahali."

Wakakubaliana! Hivyo tu! Wakatikisiana vichwa!

Baba akasafisha koo. Sisi si watu wa tamaa, akasema, hatutaki kubwa mno, tunataka heshima.

Bwana Danstan akamkatalia kwa adabu. "Hapana, kaka. Mimi nataka pakubwa. Padogo hapamfai Dada Lestuta. Mtu kama yule anahitaji pa kupumulia."

Zile *pa* ziliwapita, wao walisikia ukubwa tu; Baba akavutiwa sana, akamgeukia Babu, wakanong'ona. Nikaona pazia la jikoni limesimama kabisa.

Mama Tecla naye akaingia: "Mimi ndiye mwenye mali, msiwe na wasiwasi. Wengi wameniomba nikawanyima. Lakini huyu mama nikasema ngoja kwanza nikamwone kwa macho, na nionje." Babu akamwambia kwetu hatuna neno hilo la kuonja. Mama Tecla akacheka, akachukua kipande kutoka kwenye sinia langu, akatafuna, akafumba macho. "Yesu na Maria. Apewe leo leo."

"Na ng'ombe?" akauliza Babu.

"Ng'ombe?" Bwana Danstan akatazama huku na huku. "Hapana, Mzee. Ng'ombe hawaluhusiwi pale. Ni mjini."

Babu alisimama polepole sana. "Mahari — bira — ng'ombe?" Baba akasimama naye. Suti ikasimama. "Bwana, umekuja kututukana? Msukuma mzima? Zizi tumejenga!" Bwana Danstan kasimama pia, mikono juu, anasema zizi gani tena, Mzee, tanuli ndiyo tutajenga, tanuli! Mama Tecla anauliza na mkate mdomoni, jamani kuna nini. Ndassa akanitazama mimi. Moja kwa moja. Nikaona kwenye macho yake ameanza kuelewa, na anangoja mimi.

Nikaweka sinia chini. Nikasema. Kwa sauti! Sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Babu! Si mahari! Ni mahari!"

Wote wakanigeukia.

"Si mahari," nikarudia, jasho linanitoka, "ni MAHARI!"

"Mtoto kachanganyikiwa," akasema Baba.

Ulimi ule ule! Siku zote za maisha yangu, ulimi ule ule! Nikafumba macho. Nikaona ubao wa darasa la Kiswahili. Nikapiga kelele:

"Si mahari YA! Ni mahari PA! Pa duka! Pa tanuri! Pa kuuzia mkate! Ni PA, Babu! Pa-pa-pa! Mimi ndiye nilipokea simu, mimi ndiye nirisema vibaya, wao hawana kosa, ni PA!"

Ungesikia ndizi zikiiva.

Aliyeanza kucheka ni Mama Tecla. Alicheka mpaka mkoba ukaanguka. Halafu Ndassa kajiziba mdomo. Halafu Baba akakaa, akalegeza tai, mabega yanatikisika. Hata Babu, nusu kicheko, nusu kitu kingine. Na mimi nimesimama pale, watu wananicheka chumba kizima kama siku ile ya Amina, na ajabu ni kwamba sikufa. Sikufa hata kidogo. Nilikuwa naangalia pazia.

Shangazi akatoka. Kitenge cha njano na kijani. Akawasalimia wageni mmoja mmoja, vizuri kabisa. Akamwambia Mama Tecla ahsante kwa kumpa mahali, atapatunza. Na yeye ile L ilitoka! Safi! Sijui aliitoa wapi. Kisha akaokota sinia langu, akaliweka mezani taratibu bila kusikika, akaja huku stoo.

Bwana Danstan hakuwa anacheka. Nilimwona. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anatazama mlango alipotokea Shangazi. Akamuuliza Babu polepole: kwa hiyo nyinyi wiki nzima mlidhani mimi nakuja kwa ajili ya ile nyingine? Babu akajibu, zizi unaweza kuriona dirishani. Akaenda dirishani, akaliona. Alilitazama muda. Akasema, "Zuli." Akaomba ruhusa atoke nje kidogo, akamwita Ndassa.

Nikamfuata Shangazi.

Yuko hapa sasa hivi, kwenye gunia la pili, amenipa mgongo. Sina cha kumpa. Nimemwambia samahani mara nyingi mpaka neno limechakaa. Mwisho nikampa kitu pekee nilichokuwa nacho, nilichokiweka tangu Jumatano: kwamba Bwana Danstan ngano inampa kiungulia. Kwamba hagusi chapati. Kwamba njia nzima anakunywa maji. Na kila gulio anarudi kwenye benchi.

Mgongo wake umebadilika. Sijui niandikeje. Mgongo unasikiliza.

Nje, nyuma ya tanuri, kuna sauti. Nilidhani wanapakia ndoo waondoke. Siyo. Mtu anarudia neno, chini chini, tena na tena, kama mtoto wa chekechea. Nimeacha kuandika ili nisikie.

"Lestuta." Kimya. "Le — Le — Lestuta." Sauti ya Ndassa: hapana, mjomba, peleka ulimi juu. "Wewe mwenyewe huwezi!" Kimya. "Lestuta."

Ndassa yuko dirishani. Uso wake uko hapa, kati ya nondo za dirisha, amevimba kwa kicheko alichokizuia. Ananiambia kwa kunong'ona, kumbe kunong'ona kwake kunasikika mpaka kanisani: mjomba anasema leo alikuja na neno moja tu, lakini hataki kuondoka bila kusema lile la pili. Na hataki lieleweke vibaya tena. Anaanza na jina, akiliweza atahamia mahari. "Joyceline, anaomba uje umfundishe R. Anasema wewe unazo nyingi."

Nimemtazama Shangazi. Hajageuka. Anafuta unga kwenye goti ambalo halina unga.

"Nenda kamfundishe," amesema. "Usimharakishe." Halafu, nimeshafika mlangoni na daftari bado mkononi: "Na umwambie ure mkate asiuguse. Namsongea ugali."

Naenda. Sijui hata R inaanzia wapi, sijawahi kuitafuta, yenyewe ndiyo iliyonitafuta.